Digrii Hamsini na Moja

Alhamisi ya kwanza baada ya mvua ndefu kuanza, mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari waliyoitangaza Wazungu, nilimpoteza dada yangu Marigu. Alichukuliwa mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya chungu cha githeri, mahindi na maharagwe, kilichokutwa kina moto kuliko ilivyopaswa. Hakupigwa wala hakufungwa kamba. Alipanda lori mwenyewe, akaketi, akajifunga kitambaa chake cha kichwa upya kana kwamba anakwenda sokoni Kianjokoma. Miezi minane baadaye tuliletewa habari kwamba aliugua tumbo huko kambini, na kwamba alikuwa amekwisha kuzikwa.

Aliyesoma namba iliyompeleka alikuwa jirani yetu. Sitamtaja jina. Walimu walikuwa wengi, lakini ukisema Mwalimu, kila mtu alijua ni yupi. Naye sasa amekufa. Kwenye mazishi yake walisema mengi mazuri, na ni kweli, lakini jambo hili hakuna aliyeligusa. Nimeona niliandike kabla sijaanza kulipamba. Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Mahali nisipojua, nitasema sijui.

Wakati huo nilikuwa nikiosha vyombo katika maabara ya shule ya misheni, chupa na vikombe vya vioo ambavyo nikivunja kimoja nililia. Mwalimu alifundisha kemia darasa la juu, wanafunzi saba tu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa chuo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la kijivu ambalo mfuko wake wa kulia ulikuwa umetoboka kwa sababu ya kipimajoto. Alikibeba kila mahali ndani ya bomba la mwanzi, kama mzee mwingine abebavyo ugoro.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la joto: kitu kikiungua au vitu viwili vikichanganyika, ni joto kiasi gani linatoka, na unalihesabu vipi. Nililisikia mwaka baada ya mwaka nikiwa nimewapa mgongo, mikono ndani ya karai. Alichoma punje ya njugu kwenye sindano, chini ya mkebe wenye gramu mia moja za maji. Maji yalipanda digrii kumi na mbili. Wanafunzi walizidisha: mia moja mara kumi na mbili, kalori elfu moja na mia mbili. Walifurahi. Ndipo alipofungua kitabu na kuwasomea kwamba njugu ya uzito ule ina kalori elfu mbili na mia nane.

"Elfu moja na mia sita imekwenda wapi?" aliuliza.

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani ameila?"

Mwanafunzi mmoja kutoka Ishiara, mcheshi, akasema, "Mimi nilikula njugu zilizobaki, Mwalimu, lakini si hiyo."

Walicheka, naye alicheka, lakini hakuliacha swali. Aliwafanya waguse mkebe, waguse meza, waweke viganja hewani juu ya mwali. Joto halikufa, alisema. Limekwenda kwenye bati, kwenye hewa, kwenye mikono yenu. Hesabu isiyoonyesha kilichopotea ni hesabu ya mtu mwongo. Halafu aliwaambia neno aliloandika juu ya ubao kila muhula na kunikataza kulifuta: *Andika ulichokiona.*

Mwanafunzi akisoma kipimajoto na kupata thelathini na nne wakati wenzake wote wamepata thelathini na sita, Mwalimu alisimama nyuma yake na kumwambia polepole, "Usiwatazame wao." Nilimwona akimpa sifuri kijana aliyepata jibu sawasawa na la kitabu. "Mkebe huu hauwezi kukupa jibu hili," alisema. "Umelipata kwa kitabu, hukulipata kwa moto."

Watu walidhani mtu kama huyo hawezi kusema uongo hata kwa mzaha. Haikuwa hivyo. Alisema uongo kwa urahisi kabisa. Kila mtoto mchanga alimwita mzuri, hata yule wa jirani yetu aliyezaliwa na uso kama ngumi. Padri akimuuliza kwa nini hakuonekana Jumapili, alikuwa na shangazi mgonjwa, na shangazi huyo aliugua miaka sita bila kufa. Uongo wa mdomo hakuuhesabu. Namba tu ndiyo hakuigusa.

Na jambo jingine: mtaalamu huyo wa moto hakujua kuwasha moto. Moshi wa mafiga ulimtoa machozi, kuni zilimzimikia, na mara nyingi alikuja mlangoni kwetu na kipande cha bati kuomba kaa la moto. Marigu alikuwa akimchokoza.

"Mwalimu, wewe si ndiye unafundisha moto?"

"Nafundisha unakokwenda, Mama. Unakotoka mnajua ninyi."

Marigu alipenda jibu hilo. Alilirudia kwa majirani.

Tulikuwa tunaishi wote katika kijiji cha handaki. Tuliamrishwa kubomoa nyumba zetu huko mashambani, tukajenga vibanda vilivyobanana ndani ya uzio, na kuzunguka uzio tukachimba handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Mwalimu naye alihamishiwa humo. Kibanda chake kilikuwa hatua ishirini kutoka chetu. Mimi na Marigu tuliishi pamoja kwa sababu waume zetu wote wawili walikuwa kizuizini, na nilikuwa na mtoto wangu Wanjira, wa miaka miwili.

Sheria zilikuwa nyingi, lakini iliyotubana wanawake ni hii. Tulifunguliwa lango kutafuta kuni mara moja kwa juma, chini ya bunduki. Na moto wote ulizimwa saa kumi na moja jioni mpaka filimbi ya asubuhi. Atakayekutwa na moto kabla ya filimbi, basi anawapikia wapiganaji wa msituni.

Githeri haijui filimbi. Maharagwe yanataka saa tatu au nne motoni, na sisi kuni zilikuwa hazitoshi saa mbili. Watoto walikula maharagwe magumu wakaumwa matumbo. Mwalimu aliona hayo siku chache tu, akaja kwetu na kikapu kikubwa, majani makavu ya mgomba na ngozi mbili za kondoo alizopewa na mchinjaji Mwislamu wa mjini Meru. Alituambia tuchemshe githeri nusu saa tu, kisha tuondoe chungu motoni, tukizungushie majani ndani ya kikapu, tukifunike kwa ngozi na kukiacha. Moto ulio ndani ya chungu utamaliza kazi.

Bibi mmoja aliyekuwa akitazama alisema, "Maharagwe yatalala kitandani kama mgonjwa?"

"Ndiyo, Mama. Na asubuhi yataamka yamepona."

Yaliamka yamepona. Laini, na bado yana uvuguvugu. Baada ya mwezi, nusu ya kijiji ilikuwa na vikapu. Mwalimu alipita kila Jumapili jioni na mizani ya maabara ya kuning'iniza, akapima mafungu yetu ya kuni na kuandika katika daftari, apate kujua kikapu kimeokoa kiasi gani. Homugadi, askari wenyeji waliotulinda langoni kwa niaba ya serikali, walimkejeli.

"Mwalimu, leo umepima nini? Upepo?"

"Kesho nitapima akili yako, nikipata mizani ndogo ya kutosha."

Walicheka, wakampisha.

Sasa niseme sehemu yangu.

Mimi sikukiamini kikapu. Marigu alikiamini, na kibanda na chungu vilikuwa vyake. Mama yetu alitulea kwamba mafiga hayaachwi yakapoa. Jioni kaa hufunikwa kwa majivu, na nyumba ambayo majivu yake yamepoa kabisa ni nyumba iliyohamwa. Kila jioni Marigu alizima moto kama ilivyoamriwa. Na kila jioni, akigeuka, mimi nilificha kaa moja chini ya majivu. Sikulitumia. Nililificha tu, nipate usingizi.

Jumatatu iliyotangulia Alhamisi ile, kabla ya mapambazuko, Wanjira alikuwa na homa na alikataa kula. Niligusa githeri ndani ya kikapu nikaona ni vuguvugu tu. Nikasema moyoni, chakula hiki hakijaiva, ndicho kinachomuumiza mtoto. Marigu alikuwa amelala. Niliziba mlango kwa shuka, nikafukua kaa langu, nikaweka vijiti vitatu. Chungu kilipopata moto nilimlisha mtoto vijiko vichache, nikazima, nikarudisha chungu kikapuni na kukifunika vilevile. Nilijiona mwerevu.

Haikupita muda, homugadi wakaingia kusaka, nyumba hadi nyumba. Mmoja, kijana mnene tuliyemjua kwao, alifunua kikapu akatumbukiza kidole. Alipiga yowe. Kidole kilitoka lengelenge.

"Nani amepika usiku?"

Marigu alisimama. "Hakuna aliyepika. Nilizima saa kumi na moja jana jioni. Hicho ni kikapu cha Mwalimu."

Alisema kweli yake yote. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimempakata mtoto. Sikusema kitu.

Walimpeleka kwenye kituo cha homugadi palepale kijijini. Mwalimu alipopata habari alikwenda mwenyewe kwa afisa Mzungu wa eneo, akaomba chungu kile kijaribiwe. Alikuwa na hakika. Nilimsikia akimweleza njiani, akitembea haraka kando ya gari la afisa, kwamba hili ni jambo la kupimwa, si la kubishaniwa. Afisa alikubali. Jaribio lingekuwa Alhamisi: chungu kilekile, kikapu kilekile, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni, saa kumi na mbili kamili. Kama chungu kingekuwa bado na moto wa kuunguza kidole, Marigu angerudi nyumbani.

Siku tatu hizo niliziishi vipi, sijui. Nilikwenda kazini, nikaosha vyombo. Mwalimu alikuja darasani Jumatano na vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimefungwa bendeji. Wanafunzi walimuuliza. Alisema aligusa chombo. Nami niliona hayo nikadhani ni bahati mbaya tu.

Ningeweza kwenda kwa afisa na kusema. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa na sababu za kutokwenda: mtoto mgonjwa, hofu, na tumaini kwamba labda kikapu kweli kina nguvu kuliko nilivyodhani. Nimezihesabu mara nyingi. Zote pamoja hazitoshi.

Alhamisi jioni tulikusanywa uwanjani. Kikapu kilikuwa juu ya meza, kimefungwa kamba na kupigwa muhuri wa nta tangu alfajiri. Marigu alisimama kando kati ya askari wawili. Aliponiona na Wanjira alitabasamu, akamwonyesha mtoto ulimi.

Afisa alimwita yule homugadi mnene aje atie kidole tena. Kijana alirudisha mikono nyuma.

"Hapana, Bwana. Kidole ni changu."

Watu walicheka. Naapa tulicheka, siku ile, mimi nikiwemo. Afisa naye alicheka, akapunga mkono. "Basi hapana lazima. Mwalimu, fungua. Wewe soma."

Mwalimu alikata nta, akafunua ngozi, akatoa kipimajoto katika mwanzi wake na kukitumbukiza katikati ya githeri. Mvuke mdogo ulipanda. Tulisubiri. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuona zile alama ndogo kwenye kioo. Afisa alikuwa upande wa pili wa meza, anawasha kiko. Kama Mwalimu angetamka sabini, ingekuwa sabini.

Alikitazama muda mrefu. Alikitoa, akakipangusa, akakitia tena, akasubiri, akatazama mara ya pili. Nilimwona akitazama majani ya mgomba, ngozi, kifuniko, haraka haraka, kama mtu aliyeangusha kitu njiani.

"Soma, Mwalimu," afisa alisema.

"Hamsini na moja."

"Inaunguza mtu?"

Mwalimu alifungua mdomo. Alitaka kuongeza kitu, akaufunga. Kisha akasema, "Haitoi lengelenge."

Marigu hakulia. Alimtazama Mwalimu kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyesalimia akapigwa kofi. Kisha alinitazama mimi. Sijui kama alijua. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui. Lori lilikuwa tayari. Alijifunga kitambaa.

Usiku huohuo na siku zilizofuata vikapu vilitupwa handakini. Watoto walirudi kuumwa matumbo. Wanawake waliacha kumsalimu Mwalimu. Akipita, mmoja alisema kwa sauti, "Hamsini na Moja anapita," na wengine waliitikia, "Mpisheni, asije akatupima." Jina hilo lilimganda. Hata homugadi walilitumia. Naye hakujibu tena kwa mzaha. Alivua kofia, akapita.

Nami nilimwita hivyo. Nililisema kwa sauti kuliko wengine.

Kaa aliendelea kuliomba, lakini kwa majirani wengine. Shuleni, somo la joto alimwachia mwalimu mwenzake. Alifundisha chumvi, asidi, metali, mambo mengine yote. Juu ya ubao neno lake lilibaki mpaka nilipoacha kazi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nilifute.

Hali ya Hatari iliisha. Mume wangu alirudi, wa Marigu hakurudi. Tulibomoa vibanda tukarudi mashambani. Wanjira alikua, akasoma, akaenda shule ya bweni. Likizo moja alikuja na daftari la kemia, akakaa jikoni akizidisha kwa sauti: gramu za maji, mara digrii zilizopanda. Akasema, "Mama, jibu langu limepungua sana kuliko la kitabu. Joto jingine limekwenda wapi?"

Nilimwacha na sufuria motoni. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya ghala mpaka aliponifuata.

Nilimwambia mwanangu kwanza. Alisikiliza, hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Akasema tu, "Yeye bado yuko hai, Mama. Yuko Ishiara."

Mwalimu alikuwa amestaafu huko kwenye joto, akifuga nyuki. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, koti halipo, ila ule mwanzi upo mfukoni mwa shati. Alinitambua mara moja.

"Karibu, Mama Wanjira. Mtoto mzuri yule hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu. Anasoma kemia."

Alifurahi hasa. Alikwenda mwenyewe kuandaa chai, akapiga kiberiti mara nne, nikamwondoa nikauwasha moto mimi. Alitia sukari vijiko vitano kama zamani. Sikuweza kunywa. Nilimwambia hivyohivyo, bila utangulizi: kaa, shuka mlangoni, vijiti vitatu, mtoto.

Aliweka kikombe chini. Kisha aliingia ndani akatoka na daftari lenye jalada jeusi, akalifungua mahali palipokuwa na uzi wa alama. Alinisomea, akiweka kidole kwenye kila mstari, na nikaona makovu yale matatu.

Aliandika kwamba Jumanne alitia vidole vyake katika maji ya digrii hamsini, sitini, sitini na tano na sabini, na kwamba lengelenge kama la homugadi lilitokea kwenye sabini. Aliandika: saa kumi na moja jioni, hamsini na moja. Chini yake aliandika kwamba mchana una joto kuliko usiku, kwa hiyo usiku chungu kingefika hamsini na moja kwa shida. Hilo ndilo alilotaka kuongeza akafunga mdomo. Kutoka hamsini na moja hadi sabini ni digrii kumi na tisa. Uzito wa chungu na vilivyomo, kilo tano. Mafiga hupoteza tisa katika kila kumi za joto la kuni. Jibu: robo kilo ya kuni, au pungufu kidogo.

Mstari uliofuata: fungu la kibanda cha Marigu, Jumapili jioni, kilo nne. Jumatatu asubuhi, kilo tatu na robo tatu.

"Ulipima lini?" nilimuuliza.

"Jumatatu, walipokuwa wamemchukua. Nilikuja nikapima. Ulikuwa unambembeleza mtoto, hukuniona."

"Kwa hiyo Alhamisi ulijua."

"Jumatatu nilidhani mizani ina kasoro. Alhamisi, nilipokitoa kipimajoto, ndipo nilipojua kwamba mtu aliwasha."

"Ulijua ni mimi."

"Mlikuwa wanawake wawili. Mmoja aliapa kwamba alizima."

"Mbona hukumwambia afisa?"

"Afisa aliuliza joto la chungu. Nilimpa. Kuni hakuuliza." Alifunga macho kidogo. "Ningesema kuni, angechukua wawili. Ningesema sabini..." Hakumalizia. Alizungusha bendeji ambayo haikuwepo, kidole kwa kidole. "Kila siku naisema, Mama Wanjira. Nikiwa peke yangu. Sabini. Siyo neno gumu kutamka."

Nilitazama daftari kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Mwisho wa ukurasa, kwa mwandiko wake uleule ulionyooka, palikuwa na mstari mmoja: *Aliyewasha:* na mbele yake nafasi tupu.

"Hapa hukuandika."

"Sikuona."

Nilimwomba kalamu. Alitoa ya risasi kutoka nyuma ya sikio, akanishikia daftari lisitikisike. Nilianza kuandika jina langu. Ncha ilivunjika katikati. Aliichonga kwa kisu cha asali, polepole, akapuliza vumbi, akanirudishia, na nikalimalizia.